Usimsemee

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa weka simu chini, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba ni yenu wote wawili. Ila chumba cha uani, chenye viti kumi na viwili na ubao uliopasuka pembeni, hakikodishwi. Najua, mkubwa wangu, umeshamleta muuza magodoro akapima mlango, mkidhani nimelala. Sikulaumu, una familia inayokutegemea. Lakini hapo ndipo mtu mzima aliyehamia mji huu na lugha ya kwao anaweza kujifunza lugha ya hapa na kukosea bila kuchekwa. Namwachia dada yako, naye asikipokee kabla hajanisikiliza.

Binti yangu, unajua mengi kuliko mimi, na wanafunzi wanakupenda. Lakini una haraka. Mtu akitafuta neno unampa, akisita unammalizia, naye anakushukuru, anarudi kwake hajasema lolote lililo lake. Kosa hilo nalijua kwa sababu ni langu.

Mnamkumbuka yule dobi tuliyemwita Bwana Pasi? Hotelini kwao walimshuku kuiba mashuka, akaniomba nimsindikize kwa meneja. Alianza kujieleza, akakwama. Meneja akatazama saa. Mimi nikaona aibu, nikamsemea: nikasema anasikitika, hatarudia, asamehewe. Nilidhani namwokoa, kumbe nimemkiria wizi ambao hakuufanya. Walimfukuza palepale. Kwenye ngazi akaniambia taratibu, bila kosa hata moja, "Mwalimu, maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayapanga tu." Darasani hakurudi tena. Miaka kumi na tisa nimekaa na maneno hayo, hata marehemu baba yenu sikumwambia.

Sasa, kesho saa mbili asubuhi Mama Mapacha, yule mfagizi wa hospitali, anaitwa na wakubwa wake kuhusu dawa zilizopotea. Nilimwahidi kwenda naye. Utakwenda wewe. Leo mchana kaa naye, muulize maswali yao yote makali mpaka yasimtishe. Kesho keti nyuma yake, ufunge mdomo. Akikwama, waambie wamsubiri, anajibu. Basi. Kimya kikikuunguza, kiache kikuunguze.

Unaniuliza, je, wakimfukuza? Huenda wakamfukuza, mwanangu. Sina dawa ya hilo. Lakini aliyekuwapo zamu ile dawa zilipopotea ni yeye, si wewe, wala si mimi.

Mkubwa, mpe dada yako ufunguo. Hapana, si baadaye. Mpe nikiona.

Haya... niinueni kidogo. Mungu awape... awape moyo wa kungoja, na watu wa kuwangoja ninyi. Msigombane juu ya kitanda changu. Vitabu... wagawieni wanafunzi, wachague wenyewe.

Nimechoka sasa. Mama Mapacha yuko sebuleni tangu saa nne, nasikia anavyokohoa. Nenda, binti yangu. Vuta kiti, ukae... na umwache aanze yeye.