Bwana Alivyonitoa Kwenye Skripti za Zamani

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, hata na nyinyi wa nyuma mnaoongea!

Mimi ni Mwende, mnanijua. Ndimi niliyetengeneza ile app ya mzani tunayouzia ndengu hapa Kathonzweni. Ndugu zangu, app haijijengi. Kuna skripti, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta ikusanye kazi yangu yote iwe kitu kimoja kinachoingia kwa simu. Zangu zilikuwa za chombo cha zamani cha kujengea app. Simu mpya zikaanza kuikataa app, na ndengu zinakauka shambani. Bila app tunarudi kwa madalali, na mizani yao inadanganya mchana kweupe.

Nikahamisha skripti zote kwa chombo kipya, kwa mkupuo mmoja. Wacha! Nikirekebisha kosa moja, linazaa mengine. Nililia. Nilifunga nikaomba. Mchungaji akapaka laptopu mafuta ya upako, na herufi K inanata hadi leo. Mume wangu naye kila asubuhi: "Si uache tu ile ya zamani? Kwani ilikukosea nini?" Nilitamani kumrushia sufuria!

Katikati ya hayo nikaitwa mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, kwa shangazi kule Zombe, kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Nilienda nimenuna. Mwethya mnaujua: unapimiwa kipande chako, unamaliza, ndipo unapimiwa kingine. Nimeshika jembe hivi, Bwana akaniuliza moyoni, "Mwende, mbona wewe ulitaka kuchimba mlima mzima kwa siku moja?" Haleluya!

Nikarudi nyumbani. Skripti za zamani nikaziacha ziendelee na kazi. Nikahamisha kipande kimoja, nikajaribu, kikakubali, nikachukua kingine. Kosa likitokea, najua limetoka wapi. Mpaka app nzima ikaingia kwa simu mpya ya mweka hazina wa kikundi chetu cha ndengu, Mama Kioko. Akaitazama, akaniambia, "Kwani ni hii tu? Mbona haijabadilika?"

Ndugu zangu, haijabadilika! Huo ndio muujiza wenyewe!

Ndengu zetu zikapimwa sawasawa, na lori la dalali likaenda Mtito Andei tupu. Nashukuru Mungu. Wewe uliyelemewa leo, mtegemee Bwana, atakupimia kipande chako. Na Mama Kioko, nakuomba mbele ya kanisa hili lote, sema asante.