Siku Tulipozima Mashine kwa Ajili ya Viboko

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hifadhi, waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mafundi wenzangu mliovaa leo mashati ambayo sijawahi kuyaona: amahoro, na asalaam aleikum.

Mimi ni Jovithe, msimamizi wa mafundi waliokarabati kituo hiki cha kupokea wageni. Nimeombwa nieleze jinsi kazi ilivyokwenda. Kuta mnaziona, paa mnaliona. Acheni niwasimulie siku ambayo kazi haikwenda.

Kituo kilikuwa kimefungwa, na mashine ya zege ilinguruma tangu asubuhi. Akaja Mama Olga kutoka Kinindo, amemshika mkono baba yake, Mzee Sylvère, dereva wa malori aliyepita barabara hii maisha yake yote bila kusimama hata mara moja kutazama viboko. Sasa daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake yanazimika, wala hakuna dawa. Uthmani, anayewaongoza wageni wetu, akawaeleza kwa upole kwamba kelele zimewafukuza wanyama hadi ng'ambo ya mto. Afadhali warudi baada ya miezi miwili.

Mzee hakugomba. Alisema tu, "Miezi mbili ni mingi, mutoto wangu. Macho yangu haitangoja."

Uthmani akanitazama. Ndugu zangu, ningefanya nini? Zege lilikuwa limekwisha korogwa, na zege halina huruma, ukiliacha, linaganda. Nikamfikiria tajiri wangu, nikamfikiria marehemu baba yangu, nikawaambia vijana, "Zimeni mashine."

Tukakaa juu ya mifuko ya saruji, mafundi na wageni, kimya. Tulingoja hadi wengine wakasinzia. Kisha maji yakatikisika, akaibuka kiboko jike, na mgongoni pake mtoto wake amejilaza kama abiria asiyelipa nauli. Mzee Sylvère alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama Olga akayafuta upesi, yasije yakamzuia kuona.

Na mnadhani nani alishangaa kuliko Mzee? Ni sisi mafundi. Wiki nyingi tunajenga nyumba ya watazama wanyama, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona mnyama hata mmoja!

Zege liliganda. Tajiri alinigombeza sawasawa. Lakini kesho yake alikuja kujionea mwenyewe, akakaa kwenye mfuko wa saruji na suruali yake nzuri, na tangu hapo kila alasiri tulinyamaza kidogo, wageni wakaanza kurudi.

Mzee Sylvère yuko nasi, pale mbele. Macho yamezimika kweli. Asubuhi aliniuliza mtoni kuna nini. Nikamwambia viboko wamesogea karibu, na yule mtoto amekua, anaogelea peke yake. Akageuza uso kuelekea majini, akatabasamu.

"Namuona," akasema.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Karibuni ndani.