Mlinzi Aliyetoka Vizuri

Kona ya Chumbageni, kando ya mashine ya kusaga, kuna benchi lililopoteza mguu mmoja likapewa tofali. Hapo Bi Mwamvua anauza kahawa na kashata. Kicheko anagawa bure, na kikifika mtaa wa pili hakirudi. Lakini alasiri hiyo roho ilikuwa juu. Shemeji yake Uweso, mume wa mdogo wake, ni mlinzi kwa Mama Sabra kule Raskazone, na kazi hiyo kaiombea Mwamvua mwenyewe, kwa kumsifia mwanamume uongo mtupu. Sasa juzi umeme ulikatika saa nne usiku, uliporudi saa sita ukuta wa sebuleni mweupe! Michoro saba ya mimea, ya enzi ya Mjerumani, imekwenda na fremu zake. Uweso kaitwa leo saa kumi na moja akaeleze alikuwa wapi. Akifukuzwa, yeye na mkewe na wanawe wanne wanahamia kwa Mwamvua, vyumba viwili. Na huyo Uweso kafika kijiweni anachekelea, bahasha mkononi.

— Ushahidi huu hapa! Yule dada mpangaji wa uani, mpiga picha za nyota, kanipa nakala. Picha ya usiku ule ule!

— Mbona mbingu ina mikwaruzo? akauliza Yona, dereva wa bodaboda, wanamwita Rubani kwa mwendo wake.

— Nyota hizo! Kamera kaiacha jicho wazi tangu saa nne mpaka saa sita. Nyota zinatembea, zinajichora mistari.

— Na huyu aliyekaa getini, katoka kama kwenye kitambulisho?

— Mimi!

Mwamvua akapiga kigelegele, birika likatikisika.

— Muoneni shemeji yangu! Hadi kifungo cha shati! Haya, wale mnaosema analala kazini, semeni leo!

— Na huyo dada mwenyewe yuko wapi? akauliza Mudathir, muuza mitishamba, wao humwita Daktari.

— Alikuwa akipita hapo mbele, kwenda jikoni, kurudi. Hayumo. Kasema anayetembea kamera haimshiki, anafutika. Ndiyo maana na mwizi hayumo.

— Kwa hiyo mwizi kapita mbele ya kamera, na mbele yako?

— Kulikuwa na giza, Daktari.

— Pole. Giza limekuacha wewe tu.

— We Mudathir, usimwandame shemeji yangu! Tuambie mwizi nani.

— Mganga mwenzangu wa Muheza. Mie ile michoro nimeiona, siku nilipompelekea Mama Sabra dawa ya mgongo. Mti mmoja una ua, una tunda, tunda limepasuliwa, mbegu hizo, na mizizi imeoshwa ikawa safi. Mti gani unachanua, unazaa na unang'olewa siku moja?

— Mjerumani alikuwa na haraka zake, akasema Mwamvua.

— Alikuwa anaficha dawa! Yule mganga kajua nikiisoma vizuri nitamzidi.

— Daktari, una wateja watatu, wawili nduguzo. Akuonee wivu wa nini?

Yona akaruka kama kakalia kaa la moto.

— Dawa wapi! Ile ni ramani. Hesabu majani, ndizo hatua. Tunda lililopasuliwa ndilo shimo la dhahabu. Na tazameni hii picha! Nyota zimepinda, tao ndani ya tao. Si kama chungwa limekatwa? Tunda lile lile! Mjerumani kachora chini, nyota zinachora juu. Ukizilinganisha, dhahabu ipo...

— Wapi?

— Chini ya kiti cha Uweso!

Uweso akajipiga kifua.

— Mnaona sasa? Mie pale sikubanduka hata hatua moja!

— Basi we si mlinzi, we mfuniko! Mwamvua akacheka mpaka mtandio ukaanguka.

Bajaji ikasimama. Akashuka Kristina, mpishi wa Mama Sabra, binti mpole asiyejua mambo ya kijiwe.

— Shikamoo Bi Mwamvua.

— Marahaba mwanangu.

— Kaka Uweso, mama kasema usingoje saa kumi na moja. Twende.

— Naenda kifua mbele. Hebu itazame hii kwanza!

Kristina akaitazama weee.

— Umetoka vizuri, kaka.

— Si unaona!

— Ila pale getini, karibu na mikoko, saa mbili nzima... mbu hawakukuuma?

  Daktari akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari. Rubani, mtu wa nadharia, akawa anakagua tairi la pikipiki. Mwamvua akaivuta picha, akaisogeza karibu na uso. Kichwa cha shemeji kimeegemea ukuta. Na ule mdomo, aliodhani anatabasamu, uko wazi tu.

— Mwanangu, akauliza polepole, Mama Sabra hii hajaiona, eti?

— Kaiona tangu asubuhi. Dada wa uani kampa yake, kubwa. Kaitundika pale pale palipokuwa na michoro. Anaitazama tu.

Mwamvua akatoa simu kifuani, akampigia bintiye.

— Queen? Toa cherehani chumba cha pili. Na kabati lisogeze mpaka ukutani, mama yako mdogo anakuja na wanawe. Baba yao? Huyo mtafutie kiti.