Sweta la Chloé

Kila Jumamosi asubuhi, ndani ya geti la fleti moja kwenye mtaa wa Observatory, chini kabisa ya roshani ya Bibi Marcelline, wanaume watatu hukalia benchi kama wamelirithi. Bibi huwamiminia kahawa ya tangawizi, kwa kuwa ndio waliombebea kitanda siku alipohamia. Wana majina ya utani: Jaji ni Firmin, mlinzi, sheria zote kichwani na msokoto wa bangi mdomoni. Sindano ni Gaston, fundi cherehani. Benki ni Njoroge, Mkenya wa ofisini Sandton, kwenye mabenki. Jumamosi hii bibi alishuka na birika na barua. Kusoma hakujui, basi Benki akamsomea: sweta la Chloé, mjukuu anayeishi naye, limenuka bangi darasani. Jumatatu mtoto asimame mbele ya kamati. Anaweza kufukuzwa.

– Eish, ni hii sheria mpya ya serikali, Sindano alisema. Wameruhusu bangi, sasa kila shule italima.

– Wameruhusu mtu mzima, kwake, Jaji alisema, akipuliza moshi juu taratibu. Mutoto hapana, masomo hapana. Sheria iko wazi. Miye niko kwangu.

– Uko kwenye benchi.

– Benchi iko ndani ya geti.

– Ngojeni tu, Benki alisema. Mwaka ujao hesabu moja itakuwa na majibu matatu, yote sahihi.

– Mwanangu ana jibu moja na si sahihi, hata bila bangi, Sindano alisema.

– Kengele italia, wanafunzi waseme wameiona rangi yake.

– Anayeota vizuri ndiye atapewa cheti.

– Ndiyo maana wazee walisema chema chajiuza, Jaji alisema.

– Hiyo ni ya biashara, bwana, Benki alisema.

– Na shule si biashara? Ulilipa karo kiasi gani Januari?

Bibi hakucheka. Chloé wake, moshi wa makaa tu humkohoza. Na tangu barua isomwe alikuwa akisikia sauti ya marehemu mama yake, kule kwao Uvira, mikono kwenye maji ya kufulia: Marcelline, nguo ya mtoto ndiyo barua ya nyumba.

Getini akabisha mwanamke mwenye mkoba.

– Hodi. Shikamoo, bibi. Mimi ni Jeptoo, mwalimu wa darasa la Chloé. Nimeona nije kwanza, kabla ya kamati.

Bibi alishika nguzo ya geti. Walimu wengine huita polisi. Huyu amepiga hodi.

– Marahaba. Karibu, mwanangu. Karibu sana.

– Mwalimu, huyu mutoto hagusi, Jaji alisema kupitia moshi. Miye mwenyewe nitakuja kusema.

Mwalimu aliutazama ule moshi. Akaufuata kwa macho, ukipanda polepole, mpaka kwenye kamba ya nguo ya roshani ya bibi.

– Samahani, aliuliza. Sweta lake huanikwa wapi?

Benki alikunja barua. Sindano aliangalia viatu vyake.

Jaji aliuzima msokoto kwa kisigino. Akapanda ngazi bila kutumwa, akarudi na sweta, akaomba beseni na sabuni.

Birikani kilibaki kikombe kimoja cha kahawa, na ilikuwa zamu ya Jaji. Bibi alimpa mwalimu, kwa mikono miwili.

– Asante kwa kuja na miguu yako, mwanangu.

– Jumatatu naenda mbele ya kamati, Jaji alisema, povu mpaka viwikoni.

– Kusema kifungu gani? Sindano aliuliza.

– Kusema moshi ni wangu.

Bibi akamletea maji ya kusuuzia.