Kipande cha Nta

Mshonaji alijifanya anatazama nje ya basi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako mama mmoja mfanyakazi wa maabara alimgeukia mwanamume asiyemjua, aliyeshika kipande cha nta cha hospitali. "Kaka, kiondoe juani, nta isiyeyuke. Kinyama cha uvimbe wa utumbo wa mgonjwa wako kimegandishwa humo."

"Ni cha dada yangu. Mtaona nini?"

"Tunakikata chembamba kuliko unywele, tunatia rangi. Seli zenye alama fulani hugeuka kahawia, daktari akakadiria kama ugonjwa utarudi."

"Kumbe kinamjua kuliko mimi niliyekula naye sahani moja. Ila dada mwenyewe hataki kuambiwa kama utarudi."

"Na dawa achaguliwe kwa kubahatisha?"

Basi likasimama mbele ya maabara. Mama akashuka. Mwanamume akabaki mlangoni mwa basi, hashuki wala harudi kitini, nta kiganjani kama kifaranga, na kondakta, ambaye hajawahi kumngoja mtu, akangoja.