Octave Lukumani, Seremala wa Ndege za Nyuzi (1911–1957)

Octave Lukumani alizaliwa Lusangi tarehe 12 Februari 1911, kwa wazazi waliolima mihogo na mpunga. Wenzake walipocheza mpira wa majani ya migomba, yeye alimfunga uzi mguuni mdudu mkubwa wa mchikichi, akamwacha aruke, akasimama katikati ya kiwanja na kugeuka naye polepole, macho juu, mdomo wazi. Jioni alimfungua aende zake. Mdogo wake Grégoire, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alilia kila mara mdudu alipoondoka, na Octave alimcheka.

Mwaka 1920 aliingia shule ya misioni ya Kasongo. Siku moja mdudu alinguruma ndani ya kaptula yake wakati wa hesabu, naye akapewa adhabu ya kulima bustani wiki nzima. Alirudi nyumbani amefurahi, kwa sababu bustanini wadudu walikuwa tele. Alimaliza shule mwaka 1926, kisha akajifunza useremala katika karakana ya misioni kwa miaka mitatu.

Kazi yake wengi wenu mmeikalia, maana viti vya kanisa hili lililo nyuma yetu ni vyake. Mwaka 1949 fundi mmoja Mzungu wa mgodi wa dhahabu, upande wa Salamabila, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kimashine cha mafuta, kidogo kama kidole gumba, pamoja na mchoro wa ndege ya kuchezea. Ndege ya namna hii hairuki ikapotea. Nyuzi mbili nyembamba za chuma, mita kumi na tano, hutoka bawani hadi kwenye mpini ulio mkononi mwa mrushaji. Mpini ukiinamia huku ndege hupanda, ukiinamia kule hushuka, na mrushaji huzunguka nayo. Octave alipoirusha mara ya kwanza, Grégoire aliona uso ule ule wa utotoni, mdomo wazi vile vile.

Ndege ya mchoro ilimchosha upesi. Akaanza kutengeneza za kwake, kwa mbao nyepesi za mti wa mwavuli na vipande vya hariri alivyopewa na rafiki yake Alimasi, mshona nguo. Moja ilikuwa ya mviringo kama ungo. Nyingine haikuwa na mkia kabisa. Nyingine ilikuwa na mkia mbele, na Alimasi alipoiona alishika kiuno.

"Octave, ndege yako iko inakwenda kinyumenyume!"

"Iko inakwenda mbele, Alimasi. Weye ndiye umesimama nyuma."

Hazikuwa nzuri kwa mtu aliyezoea ndege za kweli. Lakini zilipozunguka juu ya majani wakati wa alasiri, jua likipenya hariri na harufu ya mafuta ya mbarika yaliyoungua mashineni ikitanda, watu waliacha majembe na mizigo wakatazama, na hakuna aliyejua muda umepitaje.

Tarehe 18 Agosti 1934 alifunga ndoa na Léocadie, ambaye wote tunamwita Mama Emilienne. Mwaka 1951 maradhi ya mtoni yalimpofusha mama huyo macho. Octave hakurusha kitu kwa miezi mingi. Kisha siku moja mkewe alimwambia, "Baba Emilienne, miye sioni, lakini mikono iko. Nipe ule mupini."

Alimpa. Alisimama nyuma yake, akashika fundo la kitenge alichojifunga mkewe kiunoni, asije akayumba. Mama Emilienne alicheka kwa sauti. "Inanivuta! Iko kama mutoto anataka kushuka mugongoni!" Kisha ndege ikaanguka.

Tangu hapo maumbo yale ya ajabu yalipata sababu. Octave alipanua mabawa ili ndege iende polepole. Alirudisha mkia mbele, ili ndege ikichoka iinamishe pua kidogo tu na kutua yenyewe. Alifunga filimbi za matete bawani: ndege ikishuka zinalia kwa sauti nyembamba, ikipanda sauti inakuwa nzito. Mama Emilienne aliisikia mahali ilipo kama anavyosikia watoto wake uani. Kila Jumapili alirusha, mumewe akiwa nyuma, ameshika fundo.

Mwezi wa Mei mwaka huu mapafu yalimlemea. Akiwa kitandani alimaliza ndege ya mwisho, ile ya mviringo mliyoiona mlangoni, na akaomba jambo moja: siku ya maziko, mkewe airushe peke yake. Alifariki nyumbani kwake Kasongo, Jumanne tarehe 3 Septemba 1957. Wazee wa ukoo wamekubali mjane atoke kwenye mkeka wa maombolezo. Aliyekataa ni yeye mwenyewe. Jana alisema, "Shemeji, nitaanguka. Yeye ndiye alikuwa ananishika."

Octave ameacha mjane wake, Léocadie; watoto watatu, Emilienne, Célestin na Roger; mdogo wake, Grégoire; na rafiki yake, Alimasi, ambaye tangu juzi hajashona kitu.

Maneno yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika, kwa sababu marehemu alikataza yatoke kabla ya leo. Jumapili ya Pasaka ya mwaka jana, Grégoire alimwona kaka yake akiachia lile fundo. Aliinama chini ya nyuzi, akakaa majanini hatua sita nyuma, akatazama. Ndege ilipotua, aliinuka upesi akalishika tena. Alifanya hivyo kila Jumapili, mwaka mzima. Grégoire alipomuuliza, alijibu, "Akijua, ataogopa. Na miye, mudogo wangu, nilikuwa sijapata kumutazama akirusha."

Mama Emilienne, tusamehe kwa kukuficha. Célestin amekwisha kuwasha mashine kule mwisho wa nyuzi, na mpini uko kulia kwako. Octave na alale salama. Alikuachia zamani, na hukuanguka.