Makabati ya Marehemu

Kwenye teksi ya abiria wengi ya kwenda stendi ya Warwick, Valérie mwenye saluni alimsimulia rafiki yake Marie-Claire riwaya ya kale ya Kiingereza anayoisoma shule ya jioni. Mchungaji anamposa mjane, anadai Mungu kamwonyesha, na huku anaongea anapapasa makabati ya marehemu mume wake.

"Mwandishi anamwita mwongo?" Marie-Claire aliuliza. "Hapana. Anamsifu tu, halafu anamwacha apapase." Valérie alicheka sana.

"Na Pasta Josias, si naye Mungu alimwonyesha wewe?" Marie-Claire alimchokoza. "Dada, usianze. Jumapili anataka jibu la posa yake, na yule ni mtu wa Mungu kweli." "Sikatai. Alikuposea nyumbani ao saluni?"

"Saluni." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Aliuliza kama viti ni vyangu ao vya kukodi."

Teksi ikasimama. Valérie alishuka wa mwisho.